Kilo za Jirani

Fundi aliletwa kutoka Mwanza kwa gharama za kampuni. Alishinda na ile kompyuta tangu asubuhi, akaifungua, akaichokonoa, akaifunga, kisha akaomba maji ya kunawa. Alinawa taratibu mno, na waliokuwa wanamtazama walijua jibu kabla hajafungua mdomo. Radi iliyopiga ghala la kahawa la Kihanga katika zile mvua za El Nino ilipita kwenye waya wa jenereta, ikaingia ndani ya mashine, na humo haikubakiza kitu.

"Diski imeungua," fundi alisema. "Hapa hakuna cha kufufua. Mna nakala?"

Meneja Rwegoshora alimgeukia Eustadia, karani wake wa kompyuta, akamtazama kama mtu aliyemkuta mwizi jikoni kwake.

"Si unaulizwa wewe? Jibu!"

Kahawa yote ya msimu ule ilikuwa imepita vidoleni mwa Eustadia: jina, kijiji, kilo. Mwaka ule Rwegoshora alikuwa amefuta stakabadhi za karatasi. Alisema karatasi ni ushamba, kompyuta haisahau. Basi mkulima alileta maganda yake, kahawa kavu isiyokobolewa, akapimiwa, akasikia kilo zake zikitangazwa, akarudi nyumbani mikono mitupu kungoja Desemba, kahawa iuzwe mnadani Moshi naye alipwe. Sasa kahawa ilikuwa imeuzwa, fedha zilikuwa njiani, na hakuna mtu chini ya jua aliyejua nani alipwe kiasi gani.

"Nakala zipo, mzee," Eustadia alisema. "Nilikuwa natoa kwenye disketi kila Ijumaa. Uliniagiza nizitunze nyumbani, mbali na ghala."

"Basi unangoja nini? Kimbia!"

Eustadia alikimbia kweli, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Njiani alikuwa akicheka peke yake. Leo angemwonyesha yule mzee mwenye kelele nani aliyekuwa na akili pale ofisini.

* * *

Chini ya kitanda hakukuwa na kopo la disketi. Alipekua, akainua godoro, akapekua tena. Jikoni mama mkwe wake, Kokuhirwa, alikuwa akimenya ndizi za mchana.

"Mama, kuna kopo langu la biskuti lilikuwa mvunguni."

"Vile vitu vyako vyeusi? Vipo," bibi alijibu bila kuinua macho. "Niliona mchwa wamepanda mguu wa kitanda. Nikajua hivi ni vitu vya kazi, vikiliwa mtoto wa watu atakosa la kusema. Nikavipandisha juu."

Alinyoosha kisu kuelekea kwenye uchaga uliokuwa juu ya mafiga.

Katika nyumba ile, kila kitu kisichotakiwa kupotea kiliishi pale juu, ndani ya moshi. Mbegu za maharage zilikuwa pale, na mahindi ya kupanda, na vyeti vya ubatizo vya ukoo mzima ndani ya mfuko wa ngozi. Mdudu haji kwenye moshi, na unyevu hauji. Bibi alikuwa amefikiri vizuri sana, na hilo ndilo lililomuuma Eustadia kuliko yote. Alipanda juu ya kinu akazishusha disketi. Zilikuwa zimejikunja kama maganda ya ndizi yaliyoanikwa, na masizi yalikuwa yameingia mpaka kwenye matundu yake.

"Umeniua, mama," alisema.

Tangu aolewe hakuwahi kumjibu mkwewe hata kwa jicho. Kokuhirwa aliweka kisu chini.

"Nimekuua kwa lipi? Vyeti vyenu viko pale miaka yote, kuna kilichoungua?"

"Vyeti ni karatasi! Hivi vinaharibika kwa joto, mama. Vimekufa. Hesabu ya watu wote ilikuwa humu."

Bibi alizitazama zile disketi muda mrefu. Kisha alichukua kisu akaendelea kumenya, ila maganda yalikuwa yanatoka na nyama ya ndizi.

Kahigi, mume wa Eustadia, alirudi kutoka shambani. Alipoelezwa hakuuliza swali juu ya radi wala moshi. Aliuliza moja tu.

"Na karatasi ya kibanja?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Kampuni haikuajiri karani bila dhamana, na dhamana ya Eustadia ilikuwa kibanja kile walichokalia: migomba, mibuni, nyumba, na kaburi la baba yake Kahigi. Karatasi yake yenye mhuri wa kijiji ilikuwa ndani ya kasha la chuma la Rwegoshora. Hesabu ikipotea, kibanja kimekwenda.

"Nilikwambia," Kahigi alisema. "Nilikwambia jembe halina disketi. Wewe ukataka kukaa kwenye kiti cha kuzunguka. Sasa baba yangu atazungukwa na watu wasiomjua."

Eustadia alitamani ampige. Alikwenda nje kwenye mvua akalia huko, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

* * *

Kesho yake Rwegoshora alizishika zile disketi kwa ncha za vidole, akatoka nazo mpaka barazani ambako wakulima walikuwa wamejaa, akaziinua juu.

"Mnaona? Kahawa yenu hii hapa. Karani wenu ameikausha jikoni na mbegu za maharage."

Watu hawakucheka. Mzee mmoja alitema mate karibu na mguu wa Eustadia, na hakuna aliyemkanya.

"Mkurugenzi anakuja kutoka Bukoba Jumamosi," Rwegoshora alimwambia Eustadia sasa kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia anapofurahi. "Akikuta hesabu, sawa. Asipokuta, kibanja mnadani, na wewe rumande. Fanya unavyojua."

Eustadia alivuta meza, akachukua daftari jipya, akaanza kumwuliza kila mtu kilo zake. Ilikuwa njia ya mtu asiye na njia. Kitu pekee kilichokuwa kimebaki salama ni uzito wa malori yote, uliopimwa tena kiwandani Bukoba. Alitarajia watu waseme, ajumlishe, alinganishe. Kufika mchana kahawa iliyodaiwa ilikuwa mara mbili ya ile iliyobebwa, na nusu ya watu walikuwa bado kwenye foleni. Wajane wenye mibuni ya kuhesabika walikuwa wameota mashamba usiku mmoja.

Eustadia akamwita Theoneste, mpimaji wa mizani, amsaidie kukumbuka. Huyu alizaliwa Rwanda akakulia Kihanga, na alikuwa na sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde.

"Mimi kazi yangu ni kupaza sauti tu, dada," Theoneste alijitetea. "Nikishapaza imetoka. Kichwani hakibaki kitu."

Zamu ya Polikarpi ikafika. Alivua kofia, akakohoa kwa heshima, akasema kilo mia tano.

"Mwongo!" sauti ilitoka nyuma. Alikuwa Twagirayezu, shemeji yake, ambaye walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mbuzi fulani. "Mia tatu arobaini na moja! Nilikuwa nyuma yako. Ukavimba pale kwenye mizani kama umezaa mapacha."

"Na wewe je?" Polikarpi alifoka. "Mia moja tisini na tatu, halafu ukasingizia mvua! Nani hakusikia?"

Wakashikana mashati. Watu wakawatenganisha, wengine wakawachochea. Eustadia peke yake hakuinuka. Alikuwa ameshika kalamu. Hao wawili walikuwa wametaja hesabu mpaka kilo ya mwisho, na kila mmoja alikuwa ametaja ya mwenzake.

Kihanga walikuwa na desturi yao. Zamani waliibiwa sana na mizani, wakaapa kwamba kilo hazitasomwa tena kwa kunong'ona. Mpimaji ataje jina na uzito kwa sauti kubwa, na walio kwenye foleni waitikie "Tumesikia!" Bila hivyo gunia halishuki. Mtu aliyesimama foleni kutwa nzima alisikia kilo za kila jirani. Za kwake alizisahau, au alizilea zikakua. Lakini kilo za jirani aliyemzidi au aliyekosana naye zilimkaa rohoni kama mwiba, usiku analala nazo.

Eustadia alichana karatasi zote alizokuwa ameandika.

"Kaeni chini," alisema. "Sitamwuliza mtu kilo zake tena. Nikitaja jina, mwenye jina anyamaze. Nataka wenye ugomvi naye wasimame."

* * *

Wengine walidhani amerukwa na akili. Rwegoshora alisimama dirishani akacheka mpaka akapangusa macho. Lakini jina la kwanza lilipotajwa wakasimama watatu, na wote watatu, ambao hata wao kwa wao hawakupendana, wakataja kilo zilezile. Jina la pili hivyohivyo. Sharti la Eustadia lilikuwa hilo tu: wawili au zaidi, wasio marafiki wa mwenye kahawa wala marafiki wao kwa wao, wakipatana ndipo anaandika.

Ilikuwa kazi chafu. Mtu alikuwa anakuja kutafuta haki ya kahawa yake, anaondoka amejua ni nani hasa anayemchukia, na kwa nini. Ndugu walisikia mambo ambayo yangeweza kungoja msibani. Mwanamke mmoja alisikia wifi yake akitaja kilo zake za misimu mitatu mfululizo bila kuulizwa, akaketi chini akajifunika khanga. Kokuhirwa alijikokota na fimbo yake siku ya pili, akaketi mbele, na peke yake akatoa kilo za nyumba nyingi kuliko mtu yeyote, maana katika maisha yake alikuwa amekosana na wengi. Alizitaja moja moja, kwa uchungu mpya kabisa. Eustadia aliandika kwa kichwa kilichoinama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya disketi akamwambia ahsante.

Hesabu ilianza kukaa, lakini watu hawakumshukuru. Walimwita mgombanishi. Asubuhi moja Kahigi aliamka akakuta migomba yao ya karibu na njia imekatwa kwa panga, yenye mikungu michanga.

"Furahi sasa," alimwambia mkewe. "Ulikuwa unachukiwa na meneja tu."

Aliyefurahi wazi alikuwa Deodatha. Kibanja chake kilipakana na chao, mwanawe wa pili alitaka kuoa, na ardhi hakuwa nayo. Hakuficha kwamba anasubiri mnada. Eustadia alimkuta kisimani akamwamkia, maana alikuwa mkubwa wake.

"Shikamoo, mama."

"Pokea maji kwanza," Deodatha alisema, akamwagia miguuni maji ya kusuuzia ndoo. "Na hiyo migomba usihangaike kuisafisha. Mwenyewe atakuja kuisafisha."

"Mwenyewe nani?"

"Waitu, mwenzetu, hujui? Subiri Jumamosi."

Eustadia alijaza ndoo yake akaondoka. Alimchukia yule mwanamke mpaka meno yakamuuma.

* * *

Ijumaa jioni Rwegoshora alimwita ofisini akafunga mlango. Hakuwa anacheka tena. Alifungua kasha la chuma, akatoa karatasi ya kibanja, akailaza mezani katikati yao.

"Umefanya vizuri. Sikutegemea," alisema. "Yamebaki majina machache. Wakulima wangu wa Mabira, watano. Hukuwauliza."

Eustadia aliyakumbuka majina yale. Yalikuwa yakija kwenye kijikaratasi toka mfukoni mwa meneja, naye akiyaingiza kwenye mashine kama alivyoingiza mengine. Sura zao hakuwahi kuziona. Na nani abebe magunia kutoka Mabira, mbali kote kule, mpaka Kihanga?

"Uzito wa malori ni uleule, mzee. Nikiwaweka hao, itabidi kila mtu akatwe."

"Kidogo kidogo. Tunasema kahawa ilikauka njiani ikapungua. Unaandika, unaondoka na karatasi yako, baba mkwe wako analala salama."

Aliitaka ile karatasi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Aliuona mhuri, akaiona sahihi ya mumewe iliyopinda. Alisema ataandika kesho, mbele ya Mkurugenzi, ili isionekane imepachikwa. Rwegoshora alimpima kwa macho, kisha akairudisha karatasi kwenye kasha.

Nyumbani aliwaeleza.

"Andika," Kahigi alisema papo hapo. "Hao waliokata migomba ndio unawaonea huruma? Andika, tuwe na kwetu."

Alimtazama mama mkwe. Bibi aliinamia moto akauchochea, na Eustadia hakumlaumu. Kilikuwa kibanja cha mume wake.

* * *

Mkurugenzi alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Aliketi kwenye kiti cha meneja, daftari magotini, uwanja umejaa mpaka barabarani. Alijumlisha, akajumlisha tena.

"Inakaribia kabisa uzito wa malori," alisema. "Pungufu ni kidogo. Cha nani hicho?"

"Cha wakulima wa Mabira, mzee. Kahawa nyingine ilikauka njiani," Rwegoshora aliwahi. "Karani anao. Soma, Eustadia."

Eustadia alisimama. Alipokea daftari kutoka kwa Mkurugenzi. Alisoma jina la kwanza la Mabira, akaacha kalamu hewani. Rwegoshora alitikisa kichwa kumhimiza, aandike tu. Eustadia aliinua uso akawatazama wale watu waliomtemea mate, akauliza kama alivyowauliza juma zima.

"Nani ana ugomvi na huyu?"

Hakuna aliyesimama. Akasoma la pili, la tatu, mpaka la tano, kila moja na kilo ambazo meneja alimpa. Wote walibaki wameketi.

"Huyu wa tano ana kilo elfu moja," Polikarpi alisema hatimaye. "Kilo elfu, na hakuna hata mmoja anayemwonea kijicho? Huyo mtu hajazaliwa."

Minong'ono ikapanda ikawa kelele. Mkurugenzi alipiga meza.

"Nani aliyaingiza majina haya kwenye kompyuta?"

"Mimi, mzee. Kwa kijikaratasi cha meneja."

"Kipo wapi?" Rwegoshora alikuwa amesimama, jasho linamtoka. "Kipo wapi hicho kijikaratasi? Aliyatunga mwenyewe! Kisha akazikausha disketi ili asijulikane. Mzee, usidanganyike. Jina lake mwenyewe, jina la mume wake, mbona halimo? Mwulize nani anamjua huyo!"

Ilikuwa kweli. Eustadia aliliacha la mwisho makusudi, asionekane anajipendelea. Mkurugenzi alimtazama bila huruma wala chuki.

"Sharti ni lako mwenyewe, mama. Shamba lisilo na shahidi ni kama hayo ya Mabira, na anayeyaandika ni mwizi. Soma."

"Kahigi wa Kihanga," Eustadia alisema. "Nani ana ugomvi na nyumba hii?"

Nusu ya uwanja ule ilikuwa na ugomvi na nyumba ile. Waliokata migomba walikuwepo. Lakini Deodatha alikuwa amezunguka tangu alfajiri akiwanong'oneza wanyamaze nyumba ile ikitajwa, na sasa alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono kifuani, midomo ameifumba vizuri. Nyuma yake watu walitazama chini. Kahigi alifunika uso kwa kofia. Kokuhirwa alikuwa akivuta pumzi kwa kelele, kama anayepanda mlima.

Eustadia alimwona Deodatha anavyotabasamu, na hofu ikamtoka. Ikabaki hasira tupu, safi, ya kufanyia kazi.

"Hakuna?" alisema. "Basi sawa. Naandika tulivyopima wenyewe." Akainamia daftari, akasoma polepole huku akiandika. "Kahigi. Kilo mia nne na thelathini."

"Ngapi?" Deodatha alisema.

"Mia nne na thelathini, mama. Tulivuna vizuri mwaka huu kuliko majirani zetu wote."

Deodatha alikuwa wima kabla hajajua.

"Mia nne! Nyie? Mia mbili na kumi na nane! Nilikuwa nyuma yenu nikasikia kwa masikio yangu! Na gunia moja lilikuwa bichi, Theoneste akawarudisha mkalianike! Mia nne, kwa mibuni ipi? Ile inayolia njaa mpakani kwangu?"

"Mia mbili na kumi na nane," Polikarpi aliunga mkono, maana ile mia nne ilikuwa imemchoma na yeye. "Wasituibie hapa!"

"Kumi na nane!" walipaza wengine, wamesimama, ngumi juu. "Mwongo huyo! Mia mbili na kumi na nane!"

Mkurugenzi aliandika kwenye karatasi yake, akajumlisha, ikalingana na uzito wa malori, akavua miwani. Bila kumtazama Rwegoshora alimnyooshea kiganja.

"Ufunguo wa kasha," alisema.

Ndipo Deodatha alipoelewa. Alitazama huku na huku, kama vile maneno yale yangeweza kuokotwa, kisha akaketi polepole akaziba mdomo kwa khanga. Eustadia alifuta mia nne na thelathini, akaandika mia mbili na kumi na nane.

"Ahsante sana, mama," alisema.

Deodatha alitema mate chini, karibu kabisa na mguu wake.